Siri ya pete ndogo zinazowafanya bakteria kushinda dawa

MAJI ya mfereji yanapokatika Makadara na Mji wa Kale, kisiwani Mombasa, wakazi hutegemea visima au wachuuzi wanaosukuma mikokoteni ya mitungi. Maji hayo yakiingiliwa na uchafu wa vyoo, maradhi mawili hubisha hodi: kipindupindu na homa ya matumbo.

Yote mawili huletwa na bakteria. Namna bakteria hao wanavyohifadhi jeni zao ndiyo inayoeleza kwa nini dawa iliyomponya mgonjwa jana yaweza kushindwa leo.

Kwa kawaida bakteria huwa na kromosomu moja, yaani uzi mrefu wa DNA uliojifunga mfano wa pete. Humo ndimo mlimo maagizo ya lazima ya kuishi na kuzaana. Hata hivyo, mnamo 1989 watafiti nchini Marekani walitangaza kuwa bakteria aitwaye Rhodobacter sphaeroides ana kromosomu mbili.

Mwaka 2000, ramani kamili ya DNA ya Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, ilionyesha kuwa naye ana mbili. Kubwa ina viungo vya DNA vipatavyo milioni 3, na ndogo milioni 1. Jeni za sumu inayomkausha mgonjwa maji zimo katika ile kubwa.

Wataalamu wanaamini kwamba ile ndogo ilianza kama plazimidi, kisha ikapata jeni ambazo bakteria hawezi kuishi bila hizo.

Plazimidi ni nini basi? Jina hilo lilibuniwa na mwanasayansi Mmarekani Joshua Lederberg mwaka 1952. Ni pete ndogo ya DNA iliyo kando ya kromosomu, nayo hujinakili yenyewe. Tofauti na kromosomu, bakteria aweza kuikosa na bado akaishi. Lakini mara nyingi hubeba jeni za kuzima makali ya dawa.

Jambo la kutisha zaidi ni kwamba plazimidi huhama. Bakteria wawili wanapogusana, mmoja humpa mwenzake nakala, hata kama si wa jamii moja.

Kenya imeyaona hayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, ukiongozwa na Samuel Kariuki wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI), ulionyesha kuwa homa ya matumbo nchini ilitawaliwa na aina moja ya bakteria sugu, iliyoenea pia Kusini Mashariki mwa Asia. Usugu wao dhidi ya dawa kadhaa, zikiwemo ampicillin na chloramphenicol, ulibebwa na plazimidi.

Wengi hudhani kwamba mwili wa mtu ndio unaozoea dawa. Sivyo. Mtu anapomeza viuavijasumu ovyo bila kupimwa, bakteria dhaifu hufa, na wenye plazimidi za usugu husalia wakizaana. Jirani akiambukizwa, hupata bakteria hao hao.

Tiba ya kwanza ya kipindupindu ni kumrudishia mgonjwa maji na chumvi alizopoteza. Viuavijasumu huhitajika hasa kwa waliozidiwa. Kinga nayo huanzia jikoni, kwani hakuna plazimidi iwezayo kuwaokoa bakteria wa maradhi haya mawili katika maji yaliyochemka barabara.