Makao Makuu Yaliyochimbwa kwa Jasho la Wengine

Msafiri apitaye katika mji mdogo wa Matsushiro, ulio katika jimbo la Nagano nchini Japani, haoni jambo la kumshtua. Aona nyumba za kale za mbao, bustani zilizotunzwa vizuri, mashamba, na milima iliyofunikwa miti. Hakuna mizinga, wala hakuna sanamu ya jemadari aliyepanda farasi. Walakini chini ya milima mitatu ya hapo, iitwayo Zozan, Maizuru na Minakami, yamo mahandaki ambayo urefu wake wote ukijumlishwa wapita kilometa 10. Lau Vita Kuu ya Pili ingaliendelea, humo ndimo ambamo Mfalme Hirohito, majemadari wake na mawaziri wake wangaliketi na kuamuru raia zao wapigane mpaka mwisho.

Tulikwenda kupaona mahali hapo. Mlangoni pa mlima Zozan tulipewa kofia ngumu za kuvaa kichwani, maana mwamba juu umechongoka. Tukaingia pamoja na mkalimani wetu na mzee mmoja wa mji ule ambaye hujitolea kuwaongoza wageni. Hatua chache tu, joto la nje likatuacha. Handaki lina upana wa meta 4 hivi, na kimo kisichofika meta 3. Njia 20 zimechimbwa sambamba, nazo zimeunganishwa kwa njia nyingine zinazozikata, hata mtu akitazama kushoto na kulia huona giza kila upande. Sehemu ambayo wageni huruhusiwa kuingia ni meta 500 hivi. Sehemu nyingine zote zimezuiwa.

Hamna meza ya jemadari humo, wala ramani ukutani. Kilichobaki ni alama za kazi. Katika mwamba mna matundu yaliyotobolewa kwa keekee ili kutiwa baruti, na chini mna alama za mataruma ambayo juu yake yalipita magari madogo ya kutolea mawe. Mahali pamoja mzee wetu alisimama, akamulika taa yake ukutani. Tukaona chuma cha keekee kimekwama ndani ya jiwe, kama mtu alivyokiacha siku ile aliposhindwa kukichomoa. Mzee hakusema neno. Nasi tulikitazama kitambo, tukawaza habari za mikono iliyokishika.

Sasa tueleze asili ya mambo haya. Katika Julai 1944 Wamarekani walikiteka kisiwa cha Saipan, na kutoka huko ndege zao kubwa ziliweza kufika Tokyo na kurudi. Wakuu wa jeshi la Japani, ambao walikuwa wamekwisha kuanza kufikiri jambo la kuhama, wakaona kwamba makao yao mjini Tokyo hayana usalama tena. Wakaichagua Matsushiro kwa sababu iko mbali na bahari, imezungukwa na milima, na mwamba wake ni mgumu. Tarehe 11 Novemba 1944 baruti ya kwanza ikalipuliwa. Kazi ikafanywa kwa siri, hata ikapewa jina la uongo, kwamba ni ujenzi wa maghala. Watu wa vijiji waliamriwa kuhama nyumba zao wasielezwe sababu. Chini ya Zozan zingewekwa ofisi za serikali, nyumba ya radio na mitambo ya simu. Chini ya Maizuru angekaa Mfalme na makao makuu ya majeshi.

Je, ni nani waliochimba? Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Walikuwamo Wajapani, wenyeji wa jimbo lile, na hata wanafunzi wa shule waliotumwa kubeba mawe. Lakini kazi nzito na ya hatari, ya kutoboa mwamba na kulipua baruti, kwa sehemu kubwa iliwaangukia Wakorea, na wanahistoria hukadiria kwamba walikuwako maelfu kadha. Korea ilikuwa koloni ya Japani tangu mwaka 1910. Katika mwaka 1944, watu walipopunguka kwa sababu ya vita, sheria ya kuwashurutisha watu kufanya kazi ilitumika juu ya Wakorea nao. Wengine walichukuliwa kwa sheria hiyo. Wengine walikuwa wamekwisha kufika Japani miaka ya nyuma wakitafuta ujira. Wote walijikuta katika vibanda vibovu, katika baridi ya Nagano, ambayo ni ya theluji, wakifanya kazi kwa zamu mchana na usiku. Katika sehemu iliyofungwa ya handaki ukuta mmoja una maandishi ya jina la Daegu, mji wa Korea. Mtu fulani aliyekuwa mbali na kwao aliliandika jina la kwao gizani.

Miezi tisa kazi ilikwenda. Katika muda huo huo, kusini kabisa mwa nchi, kisiwa cha Okinawa kiliteketea. Vita ya Okinawa ilianza katika majira ya machipuko ya 1945, ikaendelea hata mwisho wa Juni, na waliokufa kwa pande zote walipita watu 200,000, na raia wengi mno miongoni mwao. Jeshi la Okinawa liliambiwa livute muda ili nchi kubwa ipate nafasi ya kujitayarisha. Na katika matayarisho hayo mlikuwamo uchimbaji wa Matsushiro. Basi watu wa kisiwani walikufa ili kuwapatia wakuu muda wa kumaliza maficho yao. Kisha, tarehe 15 Agosti 1945, Mfalme aliwatangazia watu wake katika radio kwamba vita imekwisha. Karibu robo tatu ya kazi ilikuwa imekamilika. Hakuna jemadari aliyelala humo hata usiku mmoja.

Msomaji aweza kutuuliza: Haya ya Matsushiro na sisi yanahusiana nini? Tujibu kwamba yanahusiana nasi kuliko tudhanivyo. Katika Novemba ile ile ya 1944, wakati baruti ya kwanza ilipolipuka Nagano, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walikuwa wakitembea katika matope ya bonde la Kabaw, nchi ya Burma, wakipigana na jeshi la Japani chini ya bendera ya Mwingereza. Walikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, nao walifika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba. Tulipokuwa watoto tulimjua mzee mmoja wa keya aliyerudi kutoka huko. Alitusimulia habari za mvua na ruba, na za nyumbu waliozama katika tope. Hakutusimulia hata mara moja sababu ya yeye kupigana na Mjapani, maana nadhiri yetu ni kwamba naye hakuambiwa.

Na si askari peke yao. Mwaka 1942 Japani iliteka visiwa vya Filipino na Java, ambako Waingereza na wenzao walikuwa wakipata nyuzi za kutengenezea kamba. Hapo mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Serikali ya kikoloni ikatumia sheria kuwakusanya watu na kuwapeleka katika mashamba ya mkonge na ya mpira. Basi tazameni jinsi kamba ile ilivyosokotwa: jeshi la Japani laiteka Java, na kwa sababu hiyo mkulima wa bara atolewa shambani kwake, apelekwa kukata mkonge Tanga. Mkorea na Mtanganyika hawakujuana, lakini walifungwa kwa kamba moja.

Sasa turudi mlangoni pa Zozan, kwa maana hapo pana ubao. Kwa miaka mingi baada ya vita mahandaki yale yalisahauliwa, isipokuwa chini ya Maizuru, ambako tangu mwaka 1947 viliwekwa vyombo vya kupimia matetemeko ya ardhi. Karatasi nyingi za kazi ile zilikuwa zimechomwa moto wakati wa kushindwa, na kwa hiyo hata hesabu ya waliokufa haikupatikana. Waliofanya jambo hili likumbukwe hawakuwa wakubwa. Walikuwa wanafunzi wa shule moja ya sekondari ya Nagano, ambao katika mwaka 1985, baada ya kwenda Okinawa na kusikia habari za huko, waliuomba mji wao uyahifadhi mahandaki na kuyafungua. Mwaka 1989 mji ukaanza kuyafungua. Mwaka 1995 likasimamishwa karibu na mlango jiwe la kuwakumbuka Wakorea waliokufa.

Ubao wa mji ulieleza kwamba wenyeji na Wakorea walikusanywa kwa nguvu kufanya kazi hiyo, na kwamba siku za kazi za watu wote zikihesabiwa pamoja zilifika milioni 3 hivi. Mwaka 2014 ikajulikana katika magazeti kwamba maneno yale, “kwa nguvu”, yalikuwa yamefunikwa kwa utepe mweupe. Walikuwako watu waliolalamika kwamba si wote walioshurutishwa. Baada ya kelele kutokea, ubao ukaandikwa upya. Sasa wasema kwamba watu walikusanywa kufanya kazi; kisha waongeza kwamba, kwa kuwa karatasi za wakati ule hazikubaki, yako maoni mbalimbali, kama vile kwamba si wote walioshurutishwa.

Sisi kazi yetu ni maneno, na kila siku twayapima kabla hayajapigwa chapa. Hatutasema kwamba maneno mapya ya ubao ule ni uongo. Ni kweli kwamba wako waliofika kwa kutafuta ujira. Lakini kweli ndogo yaweza kutumiwa kuficha kweli kubwa, kama vile utepe mwembamba unavyofunika neno zima. Karatasi hazikubaki kwa sababu gani? Kwa sababu wenye amri walizichoma. Je, aliyeuchoma ushahidi apewe faida ya kwamba ushahidi haupo?

Na hiyo hiari ni hiari gani? Katika jambo hili sisi hatuhitaji kwenda Korea kujifunza. Waulizeni wajukuu wa manamba. Babu zao hawakufungwa minyororo. Walitia dole gumba katika mkataba, wakapewa namba, na namba ile ikawa ndiyo jina lao. Mwenye shamba angeweza kutoa karatasi na kusema, “Tazama, alikubali mwenyewe.” Lakini nyuma ya karatasi ile ilikuwako kodi ya kichwa, nayo ilidaiwa kwa fedha katika vijiji visivyokuwa na fedha, na asiyeilipa alimjua mtu atakayemjia. Mtu aliyefungiwa njia zote ila moja, akiipita hiyo moja, hatuwezi kusema kwamba amechagua. Mkorea aliyenyang'anywa nchi yake, akavuka bahari kutafuta chakula katika nchi ya aliyemnyang'anya, ni ndugu wa manamba.

Kwa hiyo tulipotoka katika handaki na kurudisha kofia zetu, tulisimama mbele ya ubao ule kwa muda mrefu kuliko tuliosimama mbele ya mwamba. Mzee wetu alitungoja. Mwishowe tulimwuliza, kwa njia ya mkalimani, yeye angeandika nini kama kalamu ingekuwa mkononi mwake. Alifikiri, kisha akasema kwamba yeye angeandika majina, lau angeyajua yote.

Jibu hilo limerudi nasi nyumbani, nalo latudai. Reli twaipanda, gati twazitumia, na maboma ya mawe yangali yamesimama katika miji yetu. Mahali pengi pana kibao kinachotaja mwaka wa ujenzi na gavana aliyefungua. Ni wapi palipoandikwa jina la aliyebeba taruma begani? Wazee waliokata mkonge wakati wa vita ile karibu wote wamekwisha kutuaga, na wale wa Burma vivyo hivyo. Lakini watoto wao wapo, na katika masanduku ya nyumbani zimo bado vipande vya kazi, medali zilizoshika kutu, na barua zilizokunjwa. Hakuna aliyevichoma. Vitapotea kwa uzembe wetu tu.

Twaona basi kwamba kazi hii yafaa kuanzwa matawini, na katika vyama vya wafanyakazi na mashule, bila kungoja wataalamu kutoka mbali. Wanafunzi wa Nagano walikuwa watoto tu, wala hawakuwa na fedha. Walikuwa na swali, na ukaidi wa kuliuliza tena. Kila tawi lichukue daftari moja. Iandikwe: fulani bin fulani, wa kijiji fulani, alichukuliwa mwaka fulani, akafanya kazi hii, akarudi au hakurudi. Na anayeandika akifika penye neno “kwa nguvu”, na kweli ikawa hivyo, aliandike kwa wino usiofutika.