Bukta ya bluu, mgambo na chenji ya rada

Ukitaka kujua bajeti ya ulinzi inavyofika kijijini, usianzie Dodoma. Anzia kwetu Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kwenye nyumba yoyote yenye kijana aliyemaliza kidato cha sita, siku majina ya JKT yanapotoka. Mwaka ambao mdogo wangu aliitwa, mama aliisoma orodha ya vifaa mara mbili: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini. Fulana ya kijani. Raba za kijani. Shuka mbili za bluu bahari. Nauli ya kwenda na kurudi. Halafu akatoka nje kuangalia migomba, kuhesabu mikungu iliyokomaa. Hakusema kitu, lakini sisi tuliokulia pale tunajua hesabu ile inaishia wapi: ndizi zitashuka na bodaboda, mdalasini uliokuwa unasubiri bei ipande utauzwa kwa bei ya leo.

Nilikumbuka siku ile wiki chache zilizopita, tukiwa kimbwetani, bumu limechelewa na kila mtu ana hasira. Mwenzetu mmoja akasema serikali inamwaga matrilioni jeshini wakati sisi tunalala njaa. Mwingine akamjibu kwamba bila jeshi hata hicho chuo kisingekuwepo. Wakabishana mpaka giza likaingia na hakuna hata mmoja aliyetaja tarakimu. Basi nimeona niandike, si kwa kuwa mimi ni mtaalamu, ila kwa kuwa mjadala huu ni wa zamani kuliko sisi, na wanafunzi wamekuwemo ndani yake tangu mwanzo.

Tuanze na hela yenyewe. Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa huomba fedha bungeni kwa mafungu matatu: Fungu 38 ni Ngome, yaani JWTZ lenyewe, Fungu 39 ni JKT, Fungu 57 ni wizara. Polisi na Magereza hawamo humo, wako Mambo ya Ndani, na watu wengi huchanganya hapo. Kwa mwaka wa fedha 2024/25 jumla ya mafungu yale matatu ilivuka shilingi trilioni 3. Ni nyingi, ndiyo. Lakini ukiipima kwa pato la taifa ni zaidi kidogo ya asilimia 1, na jirani yetu Uganda hutumia sehemu kubwa zaidi ya pato lake kwa kazi hiyohiyo. Na sehemu kubwa ya fedha zetu haiendi kwenye vifaru wala ndege. Inaenda kwenye mishahara, posho, chakula na uendeshaji. Jeshi ni watu, na watu wanakula kila siku.

Kwa nini basi tuna jeshi la namna hii, lenye mkia mrefu wa JKT na mgambo? Jibu liko Januari 1964. Usiku wa kuamkia tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walidai mshahara bora na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Kwa siku kadhaa nchi yenye uhuru wa miaka miwili haikuwa na hakika nani anaishika. Tarehe 25 Nyerere alilazimika kupokea msaada wa makomando wa Kiingereza waliotoka kwenye meli HMS Centaur, aibu ambayo hakuificha. Jeshi lile likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa JWTZ, na vijana wa kulijaza walitafutwa zaidi katika Umoja wa Vijana wa TANU na JKT, ambayo yenyewe ilikuwa imeanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Somo walilochukua viongozi lilikuwa hili: hatari ya kwanza kwa nchi changa inaweza kutoka kwa mwenye bunduki wa nyumbani, na kinga yake ni jeshi lililochanganyika na wananchi.

Ni mkakati, lakini pia ni njia ya bei nafuu. Hapa ndipo wanachuo wanapoingia.

Mwaka 1966 serikali ilipoamua JKT iwe ya lazima kwa wahitimu, masharti yalikuwa miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini huku ukilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Dar es Salaam, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana mpaka kwa Rais wakiwa na mabango na majoho yao. Bango moja lilisema maisha ya mkoloni yalikuwa afadhali. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao. Siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wengi wao waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata.

Sisi wa leo huwa tunasimuliwa kisa hiki kwa upande mmoja: vijana wabinafsi, Mwalimu mwadilifu. Mimi naona wote walikuwa na hoja. Bango lile lilikuwa la kijinga, sitalitetea. Ila swali la nani analipia ulinzi wa nchi, na kwa asilimia ngapi ya jasho lake, lilikuwa swali halali kabisa. Na jibu la Mwalimu la kukata mshahara wake linaonyesha kwamba naye aliliona hivyo, pamoja na hasira zote zile.

Mkakati wenyewe ulipimwa miaka 12 baadaye. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera na kutangaza kwamba eneo la kaskazini ya mto ni la Uganda. Mpakani tulikuwa na askari wachache mno. Nyerere alipotangaza vita mwanzoni mwa Novemba, nchi ilitegemea hasa ile hazina ya watu: JKT, polisi, magereza na mgambo. Kwa hesabu zinazotajwa mara nyingi, jeshi lilitoka chini ya watu 40,000 na kuvuka 150,000, na kati yao mgambo walikuwa kama 40,000.

Babu yangu mmoja, ndugu wa babu mzaa baba, alikuwa miongoni mwa hao. Nilimuuliza safari iliyopita: "Babu, mlifunzwa muda gani kabla ya kwenda?" Akacheka. "Mjukuu wangu, kupanda na kushuka Uluguru na mkungu kichwani ni mafunzo tosha. Bunduki nilijifunza njiani." Nusu utani huo, nusu si utani. Kizazi cha kabla yake kilibebeshwa mizigo ya Wajerumani na Waingereza mwaka 1916, Lettow-Vorbeck aliporudi nyuma kwa kuizunguka milima hii baada ya Smuts kuitwaa Morogoro. Hao hawakuulizwa hata majina. Babu angalau alijua anapigania nini.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Hoja ya jeshi la wananchi ilithibitika, lakini bili ikaja: makadirio ya kawaida ni dola za Marekani milioni 500, na walioahidiwa kufunga mkanda miezi 18 waliufunga kwa miaka. Si vita peke yake iliyotufilisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977 na mafuta yalipanda bei mwaka uleule wa ushindi. Hata hivyo, babu anakumbuka kwamba alirudi na heshima kijijini akakuta duka halina sabuni.

Kuanzia hapo naona mkakati umekuwa ukiyumba kati ya watu na mitambo. JKT ya lazima ilisimamishwa mwaka 1994, hela hakuna. Miaka 7 baadaye, 2001, nchi hiyohiyo iliyoshindwa kulisha makruta ilinunua rada ya kijeshi ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. Serikali ilisema anga letu halionekani na lazima lilindwe. Wapinzani wa mpango huo, wakiwemo Benki ya Dunia na waziri wa maendeleo wa Uingereza, Clare Short, walisema ni ghali mno na haifai kwa mahitaji yetu ya usafiri wa anga. Baraza la mawaziri la Tony Blair liligawanyika, kibali kikatoka. Baada ya uchunguzi wa miaka, BAE ilikiri mahakamani London mwaka 2010 kwamba haikutunza vizuri kumbukumbu za hesabu za biashara ile. Ikapigwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwetu zinunue vitabu na madawati. Ndiyo ile tuliyoiita chenji ya rada. Kama ulikuwa shule ya msingi miaka ile, yawezekana ulikalia rada bila kujua.

Kinachonikera katika kisa hicho si rada. Nchi inahitaji kuona anga lake. Kinachonikera ni kwamba maswali magumu yaliulizwa zaidi katika bunge la watu wengine. Mafungu yale matatu niliyoyataja husomwa hadharani Dodoma, kuna kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, na CAG anakagua. Siri za kivita zibaki siri, sawa, hakuna anayetaka ramani ya maghala. Lakini bei ya mtambo, na kwa nini huo na si mwingine, si siri ya kivita. Adui hafaidiki kwa kujua tulipunjwa.

JKT kwa mujibu wa sheria ilirudi 2013, safari hii miezi mitatu, na kundi la kwanza likiwa dogo kwa sababu makambi hayakutosha. Kwenye karatasi Fungu 39 ndilo linalolipia. Kwenye nyumba zetu kuna fungu jingine ambalo halina namba, la raba na nauli, na mzazi wa Kinole analipa sawasawa na mzazi wa Masaki.

Mdogo wangu alipangiwa Bulombora, Kigoma. Mikungu 11 ilishuka Jumamosi ile. Raba za kijani hazikupatikana Mkuyuni, ikabidi ateremke mpaka mjini, na saizi yake ilikuwa imeisha. Alinunua iliyozidi namba moja, akajaza pamba mbele.