Kulinganisha na Kuchagua Ndimi za Klarineti: Zoezi kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mwaka mmoja, nilipokuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi mjini Babati, nilimkuta msichana wa darasa la sita ameketi kando ya wenziwe wa bendi, klarineti ameilaza mapajani. Aliniamkia kwa adabu, nami nikamwuliza mbona hapigi. "Nimeambiwa sina pumzi, mwalimu," akajibu. Mwanachuo aliyekuwa akiifundisha bendi hiyo alilithibitisha jambo hilo bila wasiwasi: wiki mbili mtoto alikuwa akipuliza, na kilichotoka ni upepo tu.

Nilipoitazama klarineti niliona ulimi wake una namba 4. Nikatoa mkobani mwangu ulimi mpya wa namba 2, nikaulowesha, nikaufunga, nikamrudishia mtoto chombo chake. Sauti ya kwanza ilikuwa kama ya bata, lakini ilikuwa sauti. Siandiki haya ili kumwaibisha mwanachuo yule, maana mimi mwenyewe nilipata kukosea vivyo hivyo. Nayaandika kwa sababu neno "huna pumzi" likishatamkwa na mwalimu, mtoto hulibeba hata nyumbani.

Ulimi ni kipande chembamba cha tete kinachofungwa kwenye kipulizio cha klarineti. Pumzi ipitapo, ncha yake, ambayo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, hutetemeka, na mtetemo huo ndio mwanzo wa sauti. Ndimi nyingi za viwandani huchongwa katika tete liitwalo Arundo donax, na lisifiwalo sana ni lile liotalo katika jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa. Kwa kuwa tete ni mmea, hakuna mabua mawili yaliyo sawa kabisa. Ndiyo maana katika sanduku moja la ndimi 10, zote za namba moja, aghalabu utapata chache nzuri, kadhaa za wastani, na moja au mbili za kukatisha tamaa.

Wengi hudhani kwamba ulimi wa namba kubwa ni mnene zaidi. Sivyo. Katika kampuni ya Vandoren, iliyoanzishwa Paris mwaka 1905, ndimi za aina moja huchongwa kwa umbo na unene ule ule, kisha hupimwa zinavyopinda, ndipo zikapewa namba. Basi namba yaeleza ukaidi wa tete lenyewe. Tena namba za kampuni mbili hazilingani: ulimi wa 2½ wa Vandoren hukaribiana na ule wa 3 wa Rico. Mwanafunzi aanzaye apewe kati ya 1½ na 2½. Ndimi za namba 4 ni za watu waliokwisha kukomaa midomo, na kwa bahati mbaya ndizo tuletewazo mara nyingi pamoja na vyombo vya msaada.

Mwalimu asianze somo hili kwa klarineti. Ndimi ni ghali, na mtoto asiyejua anachokisikiliza atazivunja bure. Aanze kwa mabua makavu ya ngano, ambayo hupatikana kwa urahisi upande wa Hanang, au kwa mirija ya soda. (Wako watakaopenda kuwapeleka watoto kukata matete kando ya Ziwa Babati. Nawasihi wasifanye hivyo. Ziwa hilo lina viboko, na kiboko hatofautishi somo na uchokozi.) Kila mtoto abonyeze ncha ya mrija wake kiasi cha sentimita 2 hadi iwe bapa, kisha akate pembe zake mbili ziwe kama kichwa cha mshale. Aingize ncha hiyo kinywani, aibane kidogo kwa midomo, apulize. Mrija utalia. Kwa hakika hapa pana ndimi mbili zinazogongana, kama zilivyo za zumari ya pwani ambazo hukatwa katika jani la mmea wa jamii ya minazi, ilhali klarineti ina ulimi mmoja tu. Lakini sikio la mtoto litajifunza jambo lile lile.

Sasa ndipo ulinganishaji uanze. Mtoto mmoja apulize mirija miwili yenye urefu sawa, mmoja mlaini na mwingine mgumu, na wenziwe waandike walichosikia. Baadaye apulize miwili ya ugumu sawa lakini yenye urefu tofauti. Mwalimu ashikilie sharti moja bila huruma: kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Tukibadilisha mpulizaji, mrija na urefu kwa pamoja, hatutajua ni kipi kilicholeta tofauti.

Sharti hilo hilo litumike kwenye klarineti. Ulimi utazamwe kwanza ukiwa mkavu. Rangi yake iwe ya dhahabu, kwani wenye ukijani huenda haukukomaa. Ukiinuliwa kwenye mwanga, kivuli chake kiwe sawa kulia na kushoto. Kisha uloweshwe kwa dakika moja hivi, ufungwe ncha yake ikilingana na ncha ya kipulizio, na mwanafunzi apige noti moja ndefu bila kuziba tundu lolote. Ulimi laini mno hutoa sauti nyembamba yenye kukoroma, na noti za juu huzimika. Mgumu mno hutoa pumzi nyingi kuliko sauti. Ili kujua kama pande zake zinalingana, ageuze klarineti kidogo kinywani apulizie upande mmoja, halafu wa pili. Upande ukataao ndio mzito.

Kabla ya kuukataa ulimi, ausogeze juu kwa unene wa unywele ikiwa ni laini, au chini kiasi hicho ikiwa ni mgumu. Nimeziona ndimi nyingi zikiokolewa na unywele huo. Wala usihukumiwe siku ya kwanza. Upigwe dakika chache kwa siku tatu au nne, na kila siku mwanafunzi aandike katika daftari namba aliyoutia kwa penseli, pamoja na maneno yake mwenyewe juu yake. Maneno hayo yatoke kwa mtoto. Mwalimu akiujaribu kwa mdomo wake, atachagua ulimi umfaao yeye.

Hapo pana sababu nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni afya. Ulimi haukopeshwi, kwa maana mafua hayachagui mwanamuziki. Kila mtoto awe na ndimi zake, na kipulizio kitumiwacho na wawili kioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Maji ya moto hukiharibu.

Katika kiangazi, tangu Juni hadi Oktoba, hewa ya Babati huwa kavu na ncha za ndimi hujikunja kama mawimbi. Ziloweshwe mpaka zinyooke, na baada ya kupiga zifutwe na kulazwa juu ya kipande cha kioo, zikibanwa na mpira. Mtoto akiwa na tatu au nne azitumie kwa zamu.

Zile zilizokataliwa zihifadhiwe pamoja na tarehe zake. Yule msichana wa darasa la sita aliandika mwezi Machi juu ya ulimi mmoja wa namba 2½: "Huu ni mbishi." Mwezi Septemba alikuja kuniomba nimtafutie ule mbishi.