Jina la Maradhi na Herufi za Virusi

Katika vichochoro vya Keko, wilayani Temeke, ambako maji ya mvua hutuama katika matairi makuukuu na ndoo zilizotupwa, neno homa halina maana moja. Mwaka 2014, na tena 2019, wakazi wengi wa Dar es Salaam walipimwa malaria wasionekane nayo. Maradhi yao yalikuwa dengi. Mwaka 2019 peke yake wagonjwa waliothibitishwa nchini walizidi 6,000, wengi wao wa jiji hilo.

Maradhi hayo yana jina la kale, kidingapopo. James Christie, tabibu aliyekaa Unguja, aliandika habari za "kidinga pepo" iliyoenea kisiwani mwaka 1870, na wazee walimwambia kwamba waliwahi kuiona zamani. Walakini maumivu makali ya viungo aliyoyaeleza yamewafanya wataalamu wa baadaye washuku kuwa ile haikuwa dengi hata kidogo, bali chikungunya. Jina moja, basi, huenda lilifunika maradhi mawili. (Neno chikungunya lenyewe ni la Kimakonde, si la Kiswahili kama visemavyo vitabu vingi, latokana na kitenzi kungunyala, yaani kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu.)

Jina lisipotosha, ushahidi hutafutwa katika jenomu. Jenomu ya virusi ni mfuatano wa herufi nne za kikemia; ile ya chikungunya ina herufi zipatazo 12,000. Virusi vinapozaana herufi hizo hunakiliwa, na mara kwa mara hutokea kosa. Msomaji aliyezoea hati za tenzi ataelewa mara moja: kosa la mnakili mmoja hurithiwa na wote wanaonakili kwake, na kwa kufuata makosa hayo mchunguzi hujua hati ipi imetoka katika ipi. Lakini hati iliyofungiwa sandukuni peke yake haimwambii mtu kitu. Sharti iwekwe kando ya nyingine.

Ndivyo ilivyokuwa kwa virusi vya Newala. Mwaka 1953 damu ya wagonjwa ilichukuliwa kusini mwa Tanganyika, na virusi vikatengwa katika maabara. Jenomu ya mbegu mojawapo ya wakati ule ilisomwa yote na kuchapishwa mwaka 2002. Miaka miwili baadaye chikungunya ilizuka Lamu, ikafika Mombasa, kisha Ngazija, na mwaka 2005 ikaingia kisiwa cha Réunion, ambako takriban theluthi moja ya watu waliugua. Wachunguzi walipolinganisha herufi mpya na zile za Newala na za wagonjwa wa mwanzo, waliona badiliko la herufi moja lililoviwezesha virusi kustawi zaidi katika mbu mwingine, Aedes albopictus. Ulinganisho huo usingewezekana kama herufi za Newala zingebaki mali ya mtu mmoja.

Kufichwa kwa habari kuna gharama yake. Tanzania iliacha kutangaza hesabu za Korona mwaka 2020. Mapema mwaka 2021 wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa Angola, na virusi vyao, vilivyosomwa Afrika Kusini, vikaonekana kuwa na mabadiliko mengi. Nchi ikasomwa ugenini kabla ya kujisoma.

Hata hivyo si haki kumlaumu kila anayesita. Mwaka 2007 Indonesia ilikataa kupeleka ng'ambo mbegu za homa ya mafua ya ndege, kwa kuwa chanjo zilizotengenezwa kwa mbegu zake zilikuwa ghali mno kwa watu wake. Novemba 2021 Botswana na Afrika Kusini zilitangaza upesi aina ya Omicron, na malipo yao yakawa kufungiwa safari. Mkataba wa magonjwa ya mlipuko uliopitishwa Geneva Mei 2025 uliliacha suala la kugawana mbegu na manufaa yake lijadiliwe baadaye. Na hilo ndilo hasa lililokuwa gumu.

Kwa mkazi wa Keko jambo hili si la mbali. Dengi ya mwaka 2014 ilikuwa ya aina ya pili. Mwaka 2019 ilionekana aina ya kwanza. Aliyeugua moja akaambukizwa nyingine yumo katika hatari kubwa zaidi ya kutokwa damu, na homa zote mbili huanza vilevile.