SIHA: Kwa nini hedhi huchelewa baada ya kumeza tembe za dharura

MWANAMKE aliyemeza tembe za dharura za kuzuia mimba huisubiri tarehe ya hedhi yake kwa hamu na hofu. Tarehe hiyo ikipita bila dalili yoyote ya damu, wengi hukata kauli papo hapo kwamba dawa imeshindwa na kuwa tayari wana mimba.

Kauli hiyo huwa ya haraka mno. Mara nyingi hedhi huchelewa kwa sababu dawa imefanya kazi yake. Hata hivyo, mimba nayo hujitokeza kwa njia iyo hiyo, na hakuna mwanamke anayeweza kutofautisha mambo hayo mawili kwa kujitazama tu.

Tembe zinazofahamika zaidi nchini Kenya ni Postinor-2, ambazo wengi, hasa vijana, huziita P2. Dawa iliyomo ni homoni inayojulikana kama levonogestreli. Kipimo chake kamili ni miligramu 1.5, iwe katika tembe moja au katika tembe mbili za miligramu 0.75 kila moja.

Tembe za kila siku za kupanga uzazi zenye homoni hiyo huwa na miligramu 0.15, na nyingine 0.03 pekee. Hii ina maana kuwa anayemeza tembe za dharura huuingizia mwili wake kwa mara moja kiasi ambacho mwenzake angekitumia kwa siku kumi au zaidi. Si ajabu basi mpangilio wa mwezi huo kuvurugika.

Katika mwezi wa kawaida, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutoa kwa wingi homoni iitwayo LH, na baada ya siku moja au mbili hivi yai hutoka katika ovari. Levonogestreli ikimezwa kabla ya homoni hiyo kuanza kupanda, huizuia. Yai hubakia lilipo, huku mbegu za kiume, ambazo huweza kuishi mwilini mwa mwanamke kwa hadi siku tano, zikifa kabla ya kulifikia.

Tuchukue mfano wa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28, na ambaye yai lake lingetoka siku ya 14. Anashiriki tendo la ndoa bila kinga siku ya 11 na kumeza tembe siku iyo hiyo. Iwapo dawa itaahirisha yai hadi siku ya 19, hedhi nayo itaahirishwa, maadamu damu huja takriban siku 14 baada ya yai kutoka. Ataiona siku ya 33. Atakuwa amechelewa kwa siku tano, na hana mimba.

Mfano huo una jambo jingine ambalo wauzaji wengi wa dawa huwa hawalitaji mteja anapolipa na kuondoka. Yai lililoahirishwa bado litatoka. Iwapo mwanamke huyo atakutana tena na mwenzake bila kinga siku ya 16 au ya 17, akiamini kwamba tembe alizomeza zinamkinga hadi mwisho wa mwezi, mbegu zitakuwa hai siku ya 19. Hapo anaweza kushika mimba. Tembe za dharura hazikingi tendo linalofanywa baadaye, na ni heri mtu atumie mpira wa kondomu au aanze mara moja njia ya kawaida ya kupanga uzazi. Akianza tembe za kila siku, atahitaji kondomu kwa siku saba za kwanza.

Si kila hedhi huchelewa. Wanaomeza tembe mapema katika mzunguko aghalabu huona damu kabla ya wakati, kwa kuwa homoni hupungua ghafla mwilini na utando wa ndani ya mji wa mimba ukaanza kubomoka. Wengine huona matone machache kwa siku mbili tatu, kisha yakakoma. Matone hayo yasichukuliwe kuwa ithibati kwamba hakuna mimba, kwani hata mjamzito huweza kutokwa na damu kidogo katika wiki za mwanzo.

Kwa walio wengi, hedhi huja ndani ya wiki moja kabla au baada ya tarehe waliyoitarajia. Ikipita wiki moja baada ya tarehe hiyo bila kuonekana, ni wakati wa kupima. Mwanamke ambaye mzunguko wake haueleweki na asiye na tarehe ya kuhesabia anashauriwa ahesabu wiki tatu kutoka siku aliyofanya tendo bila kinga.

Kwa nini wiki tatu? Kipimo cha mkojo husaka homoni ya hCG, ambayo huanza kutengenezwa baada tu ya mimba kujishikiza katika mji wa mimba, na hilo huchukua siku sita hadi 12 tangu yai kutoka. Ukiongeza siku ambazo mbegu huishi zikisubiri yai, utaona kuwa anayepima siku nne au tano baada ya kumeza tembe anapoteza pesa zake bure. Jibu litakuwa "hapana" hata kama mimba ipo njiani.

Wengine, hedhi inapokawia, hurudi dukani kununua P2 nyingine ili "kuishusha" damu. Tembe hizo hazina uwezo huo. Haziondoi mimba iliyokwisha kutunga, na hazijulikani kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kumeza mara ya pili bila sababu huzidi kuuchanganya mzunguko ambao tayari umeyumba. Mitishamba makali ambayo baadhi hushauriana kuinywa kwa siri ni hatari kubwa zaidi, kwa vile hakuna ajuaye kiasi kinachoweza kudhuru ini au figo.

Hofu ya kwamba dawa imeshindwa haikosi msingi. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliochapishwa mwaka wa 1998, kati ya wanawake 1,000 waliomeza levonogestreli ndani ya saa 24, wanne hivi walipata mimba. Kwa waliomeza kati ya saa 25 na 48 walikuwa 12, na kwa waliongoja hadi kati ya saa 49 na 72 walikuwa 27. Iwapo yai lilikuwa limekwisha kutoka, tembe haziwezi kulirudisha.

Aidha, kuna dawa zinazopunguza nguvu ya levonogestreli. Miongoni mwazo ni rifampisini inayotibu kifua kikuu, efavirenzi ambayo ni ya kukabili virusi vya HIV, pamoja na dawa za kifafa kama vile fenitoini na kabamazepini. Anayetumia dawa hizo amweleze mhudumu wa afya kabla ya kununua tembe, kwani huenda akashauriwa kuongeza kipimo au kuwekewa kitanzi cha shaba, ambacho wengi hukiita koili. Kitanzi hicho kikiwekwa ndani ya siku tano huzuia mimba kuliko tembe zozote. Naye anayetapika kabla ya saa mbili kupita tangu ameze anapaswa kumeza tena.

Kipimo kikionyesha kuwa kuna mimba, mwanamke aende kliniki mapema. Akiwa na maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, kizunguzungu, kuzirai au maumivu ya bega, asingoje kliniki bali apelekwe hospitalini mara moja, kwani huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba.

Kipimo kikikana na hedhi isije, arudie baada ya wiki moja. Kikikana mara ya pili, daktari atatafuta sababu nyingine: pengine ananyonyesha, aliwahi kudungwa sindano ya kupanga uzazi katika miezi iliyotangulia, amepungua uzani kwa ghafla, au tezi ya shingo ina hitilafu. Wasiwasi mwingi nao huweza kuikawiza hedhi, na mtu anayeihesabu kila asubuhi kwa wiki nzima hakosi wasiwasi.