Manowari Iitwayo Kilimanjaro

Ukisimama Masama asubuhi isiyo na mawingu, ukatazama juu ya migomba, wamwona Kibo amevaa theluji yake. Una mita 5,895 mlima huu, na kila mtoto wa Uchagga aujua tangu alipobebwa mgongoni mwa mama yake. Lakini je, msomaji mpenzi, wajua kwamba jina lake limepewa pia manowari? Si manowari ya baharini, bali ya angani, tena ya kubuniwa tu. Imo katika mchezo wa kompyuta uitwao Mass Effect, uliotolewa mwaka 2007 na kampuni ya BioWare ya mji wa Edmonton, nchini Kanada. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1995 na madaktari, watu waliosomea kutibu wagonjwa, kisha wakageukia kutunga michezo.

Watunzi hao waliweka kanuni ya majina. Manowari kubwa kupita zote za wanadamu hupewa majina ya milima, za kati majina ya miji, na ndogo ziendazo mbio majina ya vita mashuhuri. Ndiyo sababu kuna Everest, kuna Fuji, na kuna Kilimanjaro. Tena Kilimanjaro si jina la chombo kimoja tu, ni jina la aina nzima ya manowari. Maelezo yaliyomo ndani ya mchezo yasema kwamba aina hiyo ina mizinga 78 kila ubavu, imepangwa katika sitaha tatu. Mlima unaotupa maji ya mifereji na kivuli cha kahawa, wao wameupa mizinga! Haya, kila mtu na heshima yake.

Lakini hatuandiki habari hii kwa ajili ya jina peke yake. Vijana wetu wakishuka Bomang'ombe au Moshi mjini, huingia katika vibanda vya gemu na kushika pedi. Wengi hucheza mpira. Wachache, hasa wale waliopata kompyuta yenye nguvu, hucheza michezo mirefu ya hadithi, ambayo humchukua mtu siku nyingi. Mzazi akipita nyuma yao huona moto na risasi, hutikisa kichwa, akaenda zake. Si ajabu. Hata hivyo risasi siyo sehemu iliyo ngumu katika mchezo huu, wala siyo inayoua watu wengi. Sikiliza jinsi ulivyo.

MCHEZAJI NI NANI

Mchezaji huvaa nafsi ya mtu mwingine, Kamanda Shepard, ambaye aweza kuwa mwanamume au mwanamke, kama apendavyo. Ni mwaka 2183. Wanadamu wamefika kwenye nyota za mbali, wamekutana na viumbe wengine wenye akili, na wanakaa nao kama majirani, yaani kwa kupatana na kugombana. Kamanda apewa merikebu ndogo ya vita iitwayo Normandy, jina la pwani ya Ufaransa ambapo majeshi yaliteremka kupigana na Wajerumani mwaka 1944. Adui mkubwa ni mashine za kale mno, zinazorudi kila baada ya miaka 50,000 kuangamiza mataifa yote yaliyoendelea.

Mahali pengi mchezaji hapigani kabisa. Anaongea. Mtu amwambia neno, naye achagua la kujibu: la upole, la ukali, au la katikati. Neno hilo halipotei. Mchezo una sehemu tatu, ya mwaka 2007, ya 2010 na ya 2012, na mambo uliyoyatenda katika ya kwanza yakufuata mpaka ya tatu. Mwenzako akifa kwa uzembe wako katika sehemu ya pili, katika ya tatu hayupo, na mahali pake pamesimama mgeni au hapana mtu.

Na usidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali peke yao. Mwaka 2015 Mkenya Andrew Kaggia alitoa mchezo uitwao Nairobi X, ambamo viumbe wa dunia nyingine wauvamia mji wa Nairobi. Huo ni mchezo wa kupiga risasi hasa, wala hauna mazungumzo marefu kama huu wa Wakanada.

JINSI YA KUPIGANA

Kamanda huenda vitani na wenzake wawili tu, aliowachagua mwenyewe kabla ya kushuka chomboni. Kosa la kwanza la kila mgeni ni kutoka mbio katikati ya uwanja akipiga risasi ovyo. Huyo hufa kabla hajahesabu mpaka kumi. Shujaa wa mchezo huu hujificha nyuma ya ukuta au sanduku, huchungulia, hupiga, hurudi chini. Wazee wetu wa mlimani wasingeshangaa. Zamani za uvamizi wa Wamasai walichimba mapango chini ya ardhi, wakaficha humo wake, watoto na ng'ombe, wala hakuna aliyewaita waoga.

Jambo la pili ni kujua adui amevaa nini. Katika sehemu ya pili ya mchezo, wengine wana ngao ya umeme isiyoonekana, na hiyo huvunjwa kwa pigo la umeme. Wengine wamevaa deraya, yaani vazi gumu la vita, nayo huyeyushwa kwa moto. Wengine wamejizungushia ukuta wa nguvu utokao akilini mwao, na huo hutaka mtu mwenye nguvu ya namna hiyo hiyo. Wako pia Wakrogan, majitu yenye migongo mipana kama nyati, ambao vidonda vyao hujifunga vyenyewe usipowawahi kwa moto. Basi, mchezaji aliyewachukua wenzake wawili wa moto, akakutana na kundi la watu wenye ngao, atatoka jasho.

Tena mchezo wamruhusu kusimamisha vita. Abonyeza kidude kimoja, kila kitu chaganda, risasi zatulia hewani, naye atazama huku na huku, amwambia huyu aende kushoto, yule atupe moto kule. Akiwaweka wenzake pande mbili, adui hugawanya risasi zao, naye apata nafasi. Ukitaka kujua kama kijana wako aucheza kwa akili, tazama ni mara ngapi asimamisha.

MIKOSI YA NJIANI

Katika sehemu ya kwanza kuna gari la magurudumu sita liitwalo Mako. Hupanda milima mikali kiasi kwamba madereva wetu wa njia ya Masama wakati wa masika wangelionea wivu, ila hurukaruka kama mbuzi na kupinduka ovyo. Mchezaji huliendesha katika nchi tupu akitafuta madini. Mara ardhi yatetemeka, na chini yake latokea joka kubwa la udongoni. Likitokea sawasawa chini ya gari, habari imekwisha: gari na watu wote wamekufa kwa dakika moja. Uchungu wenyewe ni huu, kwamba huko porini mchezo haujihifadhi wenyewe. Aliyesahau kuuhifadhi kwa mkono wake hurudishwa nyuma alikotoka zamani, na kazi ya saa nzima yapotea. Ukisikia kijana apiga kelele peke yake mbele ya kompyuta, huenda ni joka hilo.

Mikosi mingine ni ya watunzi wenyewe. Yuko mtu mmoja mcheshi, Conrad Verner, anayempenda kamanda kupita kiasi. Katika sehemu ya pili alilalamika kwamba kamanda alimwelekezea bunduki usoni, hata kwa wachezaji waliomtendea kwa upole kabisa. Lilikuwa kosa la mashine katika kukumbuka. Basi katika sehemu ya tatu watunzi wakamfanya Conrad aombe radhi kwa kumsingizia kamanda. Ni njia nzuri ya kutengeneza kosa, nami naona wachache wangeliweza.

Lakini mkosi wa Wrex si wa kuchekesha. Wrex ni mzee wa Kikrogan, mpiganaji hodari, na taifa lake limepigwa kwa ugonjwa uliotengenezwa na adui zao, hata karibu watoto wao wote wazaliwa wafu. Katika nchi iitwayo Virmire kamanda agundua kwamba adui amepata dawa yake, na ya kwamba lazima mahali hapo palipuliwe. Mzee akasirika, atoa bunduki. Kwa nini uwaue watoto wa taifa langu? Hapo mchezaji asiye na maneno ya kutuliza humwona Wrex akipigwa risasi na kufa ufukweni.

Sasa angalia. Mapema sana, kama mchezaji ameketi na mzee huyo na kumwuliza habari zake, atakuwa amesikia juu ya deraya ya babu zake iliyoibwa. Kuitafuta ni kazi ndogo ya kando, na deraya yenyewe ni kuukuu, haifai vitani. Wengi huipita. Lakini aliyekwenda akamrudishia mzee mali ya ukoo wake, siku ile ya ufukweni Wrex humsikiliza, ashusha bunduki, na ataishi.

Baadaye kidogo, katika nchi ile ile, askari wawili wa kamanda, Ashley na Kaidan, wamebanwa mahali mbalimbali. Wakati watosha kumwokoa mmoja. Hapo hakuna ujanja. Mmoja atakufa, na wewe ndiwe uliyemchagua.

SAFARI YA MWISHO

Sehemu ya pili, ile ya mwaka 2010, yote ni matayarisho ya safari moja ambayo kila mtu amwambia kamanda kwamba hawatarudi. Akusanya wenzi hata 12, kila mmoja na shida yake ya nyumbani. Tali ashitakiwa kwa uhaini mbele ya watu wake. Thane, muuaji wa kukodiwa, ambaye ugonjwa wamla mapafuni na siku zake zahesabika, asikia kwamba mwanawe naye amechukua fedha ili aue mtu. Ataka kumzuia kabla mtoto hajafuata njia ya baba. Kamanda aweza kwenda kuwasaidia mmoja mmoja, au aweza kusema hana nafasi.

Kisha, siku moja, adui wavamia merikebu na kuwachukua mabaharia wote, isipokuwa rubani. Hapo ndipo wengi huponzwa. Mchezo haupigi kengele wala hauonyeshi saa. Mchezaji aliyezoea kumaliza kwanza kazi zake ndogondogo aendelea nazo. Akienda mara moja, mabaharia wote hukutwa hai. Akifanya kazi moja mpaka tatu kwanza, nusu yao hukutwa wamekufa. Akizidisha hapo, amkuta daktari wa merikebu peke yake. Mateka hawakungoja, ingawa mchezo ulimwacha kamanda atembee apendavyo.

Huko kwa adui kila kazi yataka mtu wake. Mmoja apenye katika bomba akafungue milango: apelekwe fundi wa mitambo, kama Tali, na kikosi kingine kiongozwe na mtu aliyezoea kuongoza, kama Garrus. Mmoja awakinge wenzake na nzige wa adui kwa nguvu ya akili: Jack au Samara. Ukimpa kazi hiyo aliyejitolea kwa maneno mengi lakini hana nguvu ya kutosha, nzige humchukua mmoja wenu mbele ya macho yako. Na yule ambaye shida yake hukuisikiliza, hata akipewa kazi aiwezayo, huenda akafa, kwa sababu moyo wake haupo.

Kosa la mwisho lawapata hata wachezaji wazuri. Kabla ya kumkabili adui mkuu, kamanda huchukua wawili, na waliobaki walinda mlango. Kila mtu ataka kwenda na hodari wake: Garrus, na Grunt, kijana wa Kikrogan. Basi mlangoni wabaki mafundi na wazee, na huko ndiko wanakofia. Ni kama baba anayekwenda shambani na wanawe wote wenye nguvu, akamwacha bibi na vitoto wailinde nyumba. Wenzi wasipobaki hai angalau wawili, kamanda mwenyewe hana wa kumvuta chomboni, naye huanguka akafa, na hadithi yake yaishia hapo.

Mzazi ajue pia kwamba mchezo huu si wa watoto wadogo. Huko Marekani umewekewa miaka 17, na Ulaya 18, kwa ajili ya damu, matusi na mambo ya unyumba. Sehemu zote tatu zilitolewa upya pamoja mwaka 2021, na lugha yake ni ya kigeni, hivyo kijana aweza kukutafsiria ukiketi naye. Ukiwa naye, usimwulize ameua maadui wangapi. Mwulize katika safari ya mwisho amepoteza nani, na kwa nini. Huenda akakujibu kwamba Mordin, yule daktari mzee mwenye maneno ya haraka, hufa mlangoni kila mara. Mweleze kwamba kabla ya hapo huulizwa nani awarudishe mateka merikebuni. Amtume Mordin, iwapo amekwisha kumsaidia katika lile jambo la mwanafunzi wake wa zamani. Kijana atashangaa umejuaje.