Tripleksi nyuma ya mbabula

Katika nyumba nyingine za Kindu tripleksi ndiyo inayotenga jiko na chumba cha watoto. Tazameni leo: imekuwa kahawia pale mbabula inapokaa? Ile rangi si moshi tu.

Tripleksi ni tabaka nyembamba za mti zilizobandikwa kwa gundi. Joto la kila siku huondoa maji yaliyo ndani yake, kisha huuchoma mti polepole bila ndimi za moto. Mti wa kawaida hushika moto ukifikia digrii 300 hivi. Uliokaushwa hivyo miezi mingi huweza kuwaka kwa joto dogo zaidi. Ubao mnene ukiungua hujifunika makaa, na hayo huuchelewesha moto. Tripleksi ya milimita 4 haina unene huo. Tena gundi hafifu huachia, tabaka zinafunguka kama kitabu, na kila moja inaulisha moto upya.

Kupigilia bati juu yake hakutoshi, maana bati hupitisha joto. Acheni nafasi ya vidole viwili nyuma ya bati, na mbabula ikae mita moja mbali. Nje ni bora zaidi.

Mtoto akiungua, mmwagie maji safi ya baridi dakika 20. Msimpake mawese. Mleteni dispansari.